Piga Hodi Kwanza, Afande

Hotuba hii niliitoa kwenye kozi ya viongozi wadogo, makoplo na masajini wanaojiandaa kukabidhiwa seksheni na platuni, yaani vikundi vidogo vya askari. Baadhi yao siku hiyo walikuwa lindoni, wakaniomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Maofisa, masajini, makoplo, ndugu zangu askari, nawasalimu.

Nimeitwa kuzungumzia ukaguzi wa mahanga, yaani mabweni wanamolala askari wengi pamoja, na vyumba vya kulala. Naona madaftari yamefunguliwa. Huenda mnasubiri orodha: kitanda kitandikwe hivi, kabati lipangwe vile. Orodha hiyo mnayo tayari, mmeishi nayo tangu mkiwa makuruta. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya mlango.

Nilipovishwa cheo cha koplo nilikuwa na miaka 23. Nikapewa seksheni ya watu 9 waliolala hanga moja na seksheni nyingine mbili. Ukaguzi niliujua kwa kufanyiwa. Saa 9 usiku mlango unapigwa teke, taa zinawashwa, watu wanasimama kando ya vitanda wakitetemeka, masanduku yanamwagwa sakafuni. Nilifanyiwa, nami nikawafanyia.

Usiku mmoja nikamwaga sanduku la kijana mmoja, mpole, mtu wa maneno machache. Zikatoka soksi, kopo la kiwi, sindano na uzi, na bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua. Nikaifungua. Nikaisoma kwa sauti mbele ya hanga zima. Ilikuwa ya mama yake. Alikuwa anamweleza mwanawe aibu iliyoipata familia yao, mambo ambayo mtu humwandikia mtoto wake tu, usiku, akiwa hana mwingine wa kumwambia. Nilicheka. Na kwa kuwa koplo alicheka, hanga likacheka.

Nawauliza nyinyi mnaokwenda kuwa viongozi: nilikuwa natafuta nini ndani ya bahasha ile? Risasi? Bomu? Risasi haikai ndani ya karatasi mbili zilizokunjwa. Niliifungua kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kuifungua, na hapakuwa na mtu wa kunizuia.

Sikilizeni kilichofuata. Miezi minne baadaye kijana yule alilazwa, mbavu mbili zimevunjika. Ikabainika kwamba askari wawili waliomtangulia jeshini walikuwa wakimpiga humohumo hangani, usiku baada ya taa kuzimwa, na kila mwisho wa mwezi wanamnyang'anya mshahara. Wiki kwa wiki. Nikaenda wodini, nikaketi pembeni ya kitanda, nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akanitazama. Hakukasirika. Akasema, "Nikwambie wewe, afande?"

Nikwambie wewe?

Miezi yote hiyo minne nilikuwa nalikagua hanga lile. Kila wiki, wiki nyingine mara mbili. Nilijua ana jozi ngapi za soksi. Nilijua mama yake ameandika nini. Sikujua kwamba anapigwa. Niliingia kila mahali, na sikuona kitu.

Watu hulizungumza jambo hili kama mizani: upande mmoja usimamizi, upande wa pili faragha, ukiongeza huku umepunguza kule. Kamanda mkali huiminya faragha, kamanda mpole huulegeza usimamizi. Nimekaa mahangani miaka 26, kwanza nikiwa mlalaji, kisha nikiwa mkaguzi, na mizani hiyo sijaiona. Nilichokiona ni kwamba hanga ambalo kiongozi haingii kabisa, na hanga ambalo kiongozi anaingia kama mvamizi, hufanana. Kote kuwili wenye nguvu hutawala usiku, na mnyonge hana wa kumwendea. Askari hukuonyesha yaliyo ya hatari pale anapojua kwamba yale yaliyo yake utamwachia. Ukimpora vyote, atakuficha vyote.

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, maana jambo hili lina historia ndefu.

Marekani ilipoandika marekebisho ya katiba yake mwaka 1791, ya tatu kati ya yale kumi ya kwanza ilihusu malazi ya askari. Ilisema kwamba wakati wa amani askari asilazwe katika nyumba ya mtu yeyote bila ridhaa ya mwenye nyumba. Ni sheria nzuri. Lakini itazameni vizuri: ilimlinda raia na nyumba yake dhidi ya askari. Je, mahali askari mwenyewe analala palilindwa na nani? Hilo halikuandikwa. Na kwa sehemu kubwa ya historia ya majeshi, jibu lake lilikuwa kwamba askari hana pake.

Katika makambi ya Uingereza, hadi kufikia katikati ya karne ya 19, wake wachache wa askari walioruhusiwa kukaa kambini waliishi ndani ya chumba kilekile cha wanaume. Kona moja, kamba, na blanketi limetundikwa. Nyuma ya blanketi lile walilala mume na mke. Nyuma ya blanketi lile walizaliwa watoto, na upande wa pili kuna wanaume wanaosafisha bunduki na kucheza karata. Ninapofikiria neno faragha katika jeshi, ndilo ninaloliona: blanketi kwenye kamba. Mtu alilitundika mwenyewe kwa sababu hakuna aliyemfikiria.

Baada ya Vita vya Krimea, mwaka 1857, iliundwa tume ya kuchunguza afya ya jeshi la Uingereza, na muuguzi Florence Nightingale ndiye aliyeisukuma na kuilisha takwimu. Walichokuta kinatisha hata leo. Askari waliokuwa nyumbani Uingereza, wakati wa amani, bila adui wala risasi, walikuwa wanakufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya raia wa kiume wa umri wao. Na hawa walikuwa vijana waliopimwa afya kabla ya kuandikishwa! Walikufa kwa msongamano, hewa chafu, kifua kikuu. Mapendekezo yakataka kila mtu apewe nafasi ya futi za ujazo 600 chumbani, yaani kama mita za ujazo 17. Vyumba vingi havikufikia hapo hata kidogo.

Je, vyumba vile havikuwa vikikaguliwa? Vilikaguliwa. Kiongozi wa zamu alipita. Alitazama kama blanketi zimekunjwa sawa, kama vyombo vinang'aa. Hakuna aliyeuliza watu wanavuta hewa gani usiku.

Msidhani hayo yameisha na karne ile. Septemba 2023 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani, ile inayofanya uchunguzi kwa niaba ya Bunge lao, ilitoa ripoti juu ya mabweni ya wanajeshi. Wachunguzi walitembelea vituo 10. Walikuta ukungu kwenye kuta, majitaka, wadudu, mifumo ya usalama wa moto isiyofanya kazi, na vyumba vitupu vinavyokaliwa na watu wasiohusika. Jeshi tajiri kuliko yote duniani! Na mjue kwamba ndani ya majengo hayo viongozi walikuwa wakipita na ukaguzi ukifanyika.

Kwa hiyo ukiingia, cha kwanza kutazama ni dari. Kisha bomba la maji. Kisha kitasa: je, mlango unafungika kwa ndani? Taa ya koridoni inawaka? Njia ya moto imezibwa na masanduku? Mtungi wa kuzimia moto una tarehe gani? Hayo askari hawezi kuyatengeneza mwenyewe. Yanahitaji cheo chako na sauti yako. Ukishayamaliza hayo, na ukayafuatilia hadi yakatengenezwa, ndipo una haki ya kumuuliza mtu kuhusu soksi. Kiongozi anayeona vumbi chini ya kitanda na haoni dari inayovuja juu ya kitanda hichohicho, askari wanamsoma upesi sana. Wanajua amekuja kuwatafuta wao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nitakaa nalo zaidi, maana ndilo linaloharibu mahanga mengi. Kuna ukaguzi, na kuna upekuzi. Haya ni mambo mawili. Tumeyachanganya, na wengine wetu tumeyachanganya kwa makusudi.

Nilipokuwa sajini, fedha za askari mmoja ziliibwa. Ilikuwa asubuhi. Kabla ya saa moja kupita, ofisa mmoja akaagiza "ukaguzi wa afya na usafi". Tukaingia. Vitanda vilikuwa 20. Tulikagua vitanda 19 kwa macho, na kitanda kimoja kwa mikono. Kwa nini kile? Kwa sababu mwenye kitanda alikuwa amekopa kwa wenzake mwezi uliopita, basi. Umaskini wake ukawa ushahidi. Tukatoa kila kitu kwenye kabati lake, tukapapasa godoro, tukafungua mfuko mdogo wa kitambaa uliokuwa nyuma ya mashati.

Fedha hazikuwemo. Mlikuwa na vidonge.

Kufikia jioni kombania nzima ilijua anaumwa nini. Daktari wa kikosi alikuwa anajua siku zote, kamanda alikuwa anajua, na mtu yule alikuwa anafanya kazi zake kama kawaida, hakuwahi kukosa gwaride. Siri ile ilikuwa salama mahali pote ilipopaswa kuwa. Sisi ndio tuliitoa, mbele ya watu 19. Fedha hazikupatikana hadi leo. Yeye aliomba uhamisho, na alipopewa, aliondoka bila kuaga mtu.

Nilikuwa nimeshika mlango wakati ule. Sikusema neno. Ofisa aliagiza, mimi nilitii, na nimelibeba.

Baadaye nilikuja kusoma Kanuni za Ushahidi za mahakama za kijeshi za Marekani, kanuni namba 313, nikatamani ningeijua siku ile. Inasema kamanda ana haki ya kukagua kikosi chake na makazi yake bila kibali maalumu na bila kumshuku mtu yeyote, kwa sababu ukaguzi lengo lake ni usalama, utayari na nidhamu ya kikosi. Haki hiyo ni pana, na ni sahihi iwe pana. Lakini ukaguzi usitumike kama joho la kumfunika mpelelezi. Ikiwa mnatafuta silaha au vitu haramu, yapo mambo matatu ambayo lolote likionekana, mahakama inashtuka. Je, agizo lilitolewa mara tu baada ya taarifa ya kosa fulani, na ukaguzi haukuwa kwenye ratiba? Je, watu fulani wamechaguliwa wakakaguliwa wao? Je, wengine wamekaguliwa kwa namna tofauti kabisa na wenzao? Ikiwa hivyo, upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe kwa ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha kwamba ule kweli ulikuwa ukaguzi. Ukishindwa, kilichookotwa mle ndani kinaweza kutupwa nje ya kesi.

Piga hesabu ya siku yetu. Agizo lilikuja mara baada ya wizi: ndiyo. Mtu mmoja alichaguliwa: ndiyo. Alikaguliwa tofauti: ndiyo. Tatu kwa tatu.

Jeshi lenu lina sheria yake na maneno yake. Isomeni, hasa pale inaposema nani anaweza kuidhinisha upekuzi na kwa sababu gani. Lakini maswali yale matatu yanafaa hangani popote pale. Kama unamshuku mtu, sema kwamba unamshuku. Nenda kwa mwenye mamlaka, eleza sababu yako, pata idhini, na umpekue mbele ya shahidi, kando na macho ya wenzake. Ni kazi zaidi, nakubali. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukilazimika kueleza sababu yako kwa mtu mwingine kwa sauti, nusu ya shuku hufa mdomoni. Jaribu kumwambia kamanda, "Nataka kumpekua huyu kwa sababu ni maskini."

Nimesema juu ya kuingia vibaya. Sasa nizungumze juu ya kutoingia, kwa sababu naona vijana wengi wa siku hizi wanaelekea huko, na naogopa.

Makazi yamebadilika. Mwaka 1995 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipitisha kiwango kwamba kila askari awe na chumba chake, wawili wakishirikiana bafu na jiko dogo. Majeshi mengi yamekwenda njia hiyo, mengine polepole, mengine bado. Mimi naifurahia. Mtu mzima anayebeba silaha kwa niaba ya nchi anastahili mahali pa kulia bila kutazamwa. Lakini mlango uliofungwa humfunga pia asiyeweza kuufungua.

Mwaka 2014 huko Korea Kusini, askari kijana aliyepangiwa kundi dogo la tiba alipigwa na wakubwa wake kwa takriban mwezi mzima, usiku na mchana, mle mle walimolala, mpaka mwezi wa Aprili akafa. Nchi nzima ilitikisika. Na hapa ndipo ninapowaomba msikilize kwa makini: mwenye cheo aliyepaswa kuwasimamia alikuwepo. Aliona. Yeye naye alihukumiwa pamoja nao. Kwa hiyo nisisikie mtu akisema dawa ni kuweka koplo alale hangani, basi. Koplo alale hangani akiwa nani? Akiwa rafiki wa wanaopiga?

Na kuna kutokuwepo kwa namna nyingine. Desemba 2020 tume huru ya watu watano ilitoa ripoti juu ya kambi ya Fort Hood, Texas, baada ya mwaka wa vifo na watu kupotea. Kati ya waliyoyakuta lilikuwamo hili: askari asipofika gwarideni, kiongozi wake wa karibu kabisa hakuwa na utaratibu uliowekwa wa kumwambia afanye nini katika saa 24 za kwanza. Saa 24 za kwanza! Ilikuwa rahisi kuandika "mtoro" na kuendelea na kazi. Baadaye jeshi lile likabadili kanuni: asiyejulikana alipo ahesabiwe kwanza kuwa amepotea, na kikosi kitumie hadi saa 48 kumtafuta na kujua kama ametoroka kweli au amepatwa na jambo.

Ninalo langu la kusema hapo. Nikiwa sajini meja wa kombania, nilikuwa na askari aliyehamia chumba cha peke yake. Mtu safi, kazi yake safi. Ijumaa jioni alifunga mlango. Jumamosi hakuonekana, ikasemwa amekwenda mapumziko. Jumapili mwenzake wa chumba cha pili akaniambia, kama mtu anayepita tu, kwamba hajasikia bomba la bafu likifunguliwa tangu juzi. Nilienda. Niligonga, nikamwita kwa jina lake, si kwa cheo. Nikagonga tena. Nikasema, "Ni mimi. Nahesabu hadi 20, halafu nafungua." Nikahesabu kwa sauti ili anisikie. Nikafungua kwa ufunguo wa akiba, mwenzake akiwa kando yangu.

Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, hajala siku mbili. Alikuwa hai. Sitawaambia zaidi ya hapo, kwa kuwa yaliyobaki ni yake. Nitasema tu kwamba nilikaa naye sakafuni hadi daktari alipofika, na kwamba miezi kadhaa baadaye aliniambia kilichomfanya asifanye alichokuwa anakusudia ni ile hesabu. Alisikia mtu anamhesabia. Alipata muda wa kujikusanya kabla ya kuonwa.

Mnaliona hilo? Niliingia kwenye chumba chake bila ruhusa yake. Niliivunja faragha yake kabisa, na ningeivunja tena kesho. Lakini niliivunja kwa sauti, kwa jina lake, mbele ya shahidi, kwa sababu ninayoweza kuieleza mahali popote. Linganisheni na ile barua.

Na mwenzake alijuaje aje kwangu? Kwa sababu kila Jumatano nilikuwa napita vyumbani baada ya chakula cha jioni, napiga hodi, nasubiri, naketi dakika tano. Sikuwa na daftari. Nilikuwa nauliza habari za watoto, za mguu uliotegukia uwanjani, za maombi ya likizo yaliyokwama. Hizo dakika tano ndizo zilizonipa taarifa ya bomba la bafu.

Mengine nitayapitia haraka, muda unakwenda.

Ukaguzi wa kawaida uwe na siku inayojulikana. Wa kushtukiza uwepo pia, mara chache, na ukija uguse vitanda vyote kwa namna moja, kuanzia cha koplo. Barua, picha za familia, daftari za binafsi na dawa usivifungue. Ukiona dawa zinakupa wasiwasi, mwone daktari wa kikosi. Usiingie na simu mkononi. Usipige picha ya chumba cha mtu ukaituma kwenye kundi la platuni ili watu wacheke. Huo ni ukatili, na unasambaa hadi mahali usipoweza kuukusanya. Kwenye makazi ya wanawake, mwanamume asiingie peke yake kwa hali yoyote. Atangulie kiongozi mwanamke, na itangazwe koridoni, na watu wapewe muda wa kuvaa. Hilo halihitaji mjadala. Ufunguo wa akiba uwe na kitabu: nani kauchukua, saa ngapi, kwa sababu gani, na nani alikuwa naye. Kama kambi yako haina kitabu hicho, kianzishe wewe, hata cha kurasa 40.

Kuhusu simu, najua mtaniuliza. Korea Kusini, baada ya msiba ule na mijadala mingi, ilianza kuwaruhusu askari wa mujibu, wale vijana wanaotumikia jeshi kwa lazima ya sheria, kutumia simu zao baada ya saa za kazi, majaribio mwaka 2019, rasmi mwaka 2020, huku kamera zikizuiwa kambini. Yalikuja matatizo yake, kamari za mtandaoni zikiwemo. Hata hivyo kijana sasa anaweza kumpigia mama yake jioni, na anayempiga usiku anajua hivyo. Mimi nalipigia kura.

La mwisho kabla sijawaachia. Nani anamkagua mkaguzi? Ujerumani walijibu swali hilo mwaka 1956 ndani ya katiba yao, walipokuwa wanajenga jeshi jipya na bado wanakumbuka lile la zamani, la enzi ya Hitler, lilivyofanya. Waliweka kamishna wa Bunge kwa ajili ya majeshi. Askari yeyote, wa cheo chochote, anaweza kumwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa wakubwa wake, na yeye anaweza kufika kambi yoyote wakati wowote bila kutoa taarifa. Nafikiria mara nyingi yule kijana wangu angekuwa na anwani hiyo. Asingehitaji kuniamini mimi. Nyinyi huenda hamna kamishna. Lakini mnayo njia ya malalamiko, mnaye padri au shekhe wa kikosi, mnaye daktari, mnaye ofisa wa ustawi. Majina yao na namba zao zibandikwe ndani ya mlango wa kila hanga, na usimuulize askari yeyote kwa nini amekwenda huko. Kama inakuuma kwamba amekupita, rudi ujiulize lile swali nililoulizwa wodini.

Nimemaliza upande wangu. Tunazo dakika 30, na ningependa kusikia kutoka kwa wale wanaolala mahangani sasa hivi kuliko kuendelea kuwasemea. Koplo pale nyuma, karibu na dirisha, umenyoosha mkono tangu niliposema habari ya kitanda kile kimoja. Simama, dada. Tunakusikiliza.